Dereva Aliyeuvulia Mwamba Kofia

Baba mpendwa,

Salamu toka Tororo. Huko Busia muwe wazima wote. Lori letu la samaki lilisimama mbele ya mwamba huu wa kwenye picha ya kadi hii. Redio ya dereva ilipiga dansi, naye akasema, "Aa, jiwe tu hilo," akaendelea kutazama wasichana wa sokoni.

Nikaizima redio. Nikaitoa akogo uliyonichongea, nikapiga vyuma vyake kwa vidole gumba, nikiimba ule wimbo wako wa kumkaribisha mzee kwenye pombe. Dereva akauangalia mwamba toka chini mpaka kileleni, kisha akavua kofia.

"Mzee huyu ni wa wapi?" akauliza, akiuonyesha mwamba.

"Wa kwetu," nikajibu. "Na wimbo ni wa baba yangu."

Mungu akutunzie vidole hivyo.

Mwanao,
Okiru