Hakuna Katika Ukoo Wetu

Nyumbani kwa mkwe,
Chumba cha uani.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Shangazi,

Mwanangu ameuma kalamu hii sasa hivi. Nilikuwa nimempakata, ndiyo kwanza naandika jina lako, akainyakua, akaitia mdomoni, akanitolea jino lake moja kwa kicheko. Nikacheka nami. Wifi yangu akachungulia mlangoni kuona kicheko changu ni cha namna gani, akamchukua. "Lete, akapigwe upepo." Basi alama hiyo ya mate hapo juu ndiyo salamu yake kwako.

U mzima? Mama anasema bado unashona, ila mgongo unakusumbua. Pole sana. Sisi huku wazima, au tuseme wanaohesabiwa wazima ni wazima.

Hunijui vizuri. Mara ya mwisho uliniona nikiwa wa kubebwa mgongoni, Mama alipopita huko kwako. Mimi ni binti wa kaka yako seremala, yule wa mwisho. Nimezaa mtoto wa kiume, mnene, tunamwita Bonge.

Bonge alipozaliwa, sikumjua. Nilimtazama kama mzigo ambao abiria ameshuka akausahau. Usingizi ukanihama. Kisha nikaanza kusikia mtu akiniambia huyu si wako, wamekubadilishia. Sikumgusa kwa ubaya hata mara moja, Shangazi, Mungu ni shahidi. Nilikuwa namlaza kitandani, mimi nakaa sakafuni nalia.

Nyumba nzima ikawa na jibu. Mama mkwe akasema damu ya uzazi imenipanda kichwani. Jirani akasema ni jicho. Wifi akasema nadeka tu, mbona wenzangu wanazaa na kesho yake wanafua. Nikafukizwa, nikaombewa. Maombi siyakatai, yalinituliza, angalau mtu alinishika kichwa kwa upole. Lakini kila mmoja alijua nina nini, na hakuna aliyeniuliza.

Mwishowe mume wangu, ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma na maneno yake ni machache kuliko cheche zake, akanipeleka hospitali. Baba akatusindikiza. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Akaniuliza taratibu, akasema ni ugonjwa, unawapata wengi waliojifungua, na unatibika. Dua tusiache, alisema, ila na dawa nimeze. Halafu akauliza, "Katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuwa hivi?"

Baba akajibu kabla swali halijaisha. "Hakuna. Kwetu hakuna kitu kama hicho." Akainama kufuta vumbi la mbao kwenye kiatu. Vumbi lenyewe halikuwapo.

Dawa zilinifaa. Sauti ikaondoka, usingizi ukarudi, na asubuhi moja nikanusa kisogo cha Bonge nikamjua kuwa ni wangu. Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo yanaanza.

Mwanamke akizaa huitwa kwa mwanawe. Mimi hilo jina la Mama Bonge nimeonjeshwa tu. Siku hizi naitwa Mgonjwa. "Mgonjwa ameamka?" "Mgonjwa asipite na mtoto karibu na jiko!" Juzi paka kaiba samaki, nikapiga kelele kama mtu yeyote. Wote wakanitazama mimi. "Umemeza dawa?" Paka kala samaki, dawa naulizwa mimi. Simu yangu anayo mama mkwe, eti inachosha akili, ndiyo maana umepata barua. Na limeshapitishwa kwamba Bonge akiachishwa ziwa tu, anakwenda kulelewa kwa wifi mkubwa. Kwa usalama wake. Mume wangu ananitazama, anamtazama mama yake, anakwenda kazini.

Mama yangu alipokuja kuniona ndipo akaninong'oneza habari zako. Kwamba ulipomzaa Fundi Redio nawe ulikuwa hivi hivi. Kwamba bibi akamchukua mtoto, wewe ukapelekwa mbali ili aibu ikose pa kukaa. Ukapona huko huko, na hakuna aliyekuja kukurudisha. Fundi Redio sasa ana mvi mbili tatu, anatengeneza redio za watu, na mpaka leo anajua kuwa mama yake alifuata starehe. Sote ndivyo tulivyoambiwa.

Nina uchungu, Shangazi, uchungu wa nyongo. Baba yangu alikuwa na dawa mdomoni siku ile. "Yupo, dada yangu, na alipona." Akaimeza yeye. Huku wangejua kuna aliyeugua hivi, akapona, akashona nguo za watu miaka yote na akili zake timamu, wasingeniogopa. Na wewe nakulaumu, kwa kunyamaza. Kidogo tu, maana najua waliokufunga mdomo walikuzidi.

Nakuomba uje. Ukishindwa, piga simu ya mume wangu, namba iko nyuma ya bahasha, umwambie mama mkwe kwa kinywa chako. Watu wazima husikilizana. Sitaki Bonge aje kuwa Fundi Redio wa pili.

Salamu naziweka hapa, maana sijui kama nitaachwa nimalize. Mama anakusalimu sana. Mume wangu pia. Baba hajui kama naandika, lakini nakupa na zake, anazo, ila hajui azipitishie wapi. Mungu akunyooshee mgongo na akulaze usingizi mwema.

Wako akupendaye hata kabla ya kukujua,
Binti wa kaka yako.

Karatasi bado ina nafasi. Bonge analia huko uani. Si njaa, ni usingizi, nakijua kilio chake. Wifi anamwimbia, anazidi. Mama mkwe kampokea, anazidi. Nimekaa na mikono mapajani, maana nikienda bila kuitwa ni ugonjwa, na nisipokwenda ni ugonjwa. Sasa anaita, tena kwa hasira, "Mama Bonge! We Mama Bonge, umelala? Njoo umchukue mwanao!" Shangazi, umesikia alivyoniita? Mbele ya wifi, mbele ya jirani, na hata hakujua kama limemtoka. Naenda, lakini usiseme basi yamekwisha, usiache kuja, kwa sababu kesho ataniita tena Mgonj