Kwenye Kituo cha Wazee Mimi ni Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana hata pa kuanzia sipajui, mke wangu Neziha huenda kila asubuhi kwenye kituo cha wazee hapa Bizerte, wananyoosha viungo, wanafuma, wanacheza karata, anarudi akicheka peke yake, na mimi niko kwenye kochi tangu nilipostaafu kazi ya reli, sasa wiki iliyopita akasahau miwani nikampelekea, mlangoni mama mmoja, Bi Mabrouka, akaniuliza mimi nani, nikasema mume wa Neziha, akashika kifua, "Ebu usitutanie! Mume wa Neziha alishafariki, tumemsomea dua hapahapa!" Kabla sijajibu Neziha akatokea, akanitazama, akasema, "Huyu shemeji yangu, ndugu wa marehemu." Wakanipa pole na chai ya lozi, wakanisimulia jinsi marehemu alivyomletea mkewe yasmini kila jioni na kumwimbia akipika, kwa kweli nilikuwa mtu mwema sana. Nikacheza nao mchezo wa kurusha matufe nikashinda, wakaniambia nirudi, na tangu hapo naenda kila siku. Nyumbani nilipomuuliza Neziha akanijibu, "Ulitaka niwaambie nini? Kwamba yupo, nimembembeleza mpaka nimechoka, hataki kunyanyuka?" Ningenyamaza, lakini jana mzee Bechir, fundi cherehani mstaafu aliyefiwa na mkewe, akanivuta pembeni: "Shemeji, wewe ndiye mwenye neno. Nataka kumposa Neziha." Nikamwambia nitafikiria. Nifanyeje?

Mokhtar, Bizerte

Bwana Mokhtar, pole kwa msiba wako.

Neziha amekosea, na akiniandikia nitamwambia. Watu wamelia machozi ya kweli. Lakini wewe nawe! Mwanamke kabembeleza mpaka kachoka, wewe umekaa tu. Na "nitafikiria" ni jibu gani kwa mtu anayemposa mkeo? Unafikiria nini hasa?

Leo usiku zungumza na mkeo. Atakayewaambia wenzake ni yeye. Aliyekuua ndiye akufufue. Kesho muingie pamoja, na Bi Mabrouka akifoka, simama usikilize mpaka amalize, usijitetee.

Ila kabla ya hayo yote, jioni hii nenda kwa mzee Bechir. Asije akayasikia mbele za watu. Mwambie ukweli, umwombe radhi, maana katika mkasa huu yeye hakumdanganya mtu. Akikataa kukupa mkono, usibishe. Mwambie kesho utampitia mwende kituoni pamoja, na umpitie kweli. Nyumbani kwake hakuna wa kumbembeleza.