Mwani Uliokataa Kushikana

Alhamisi, jioni. Mawingu tangu asubuhi, Mlima Kwaraa haukuonekana kabisa, na nimerudi nyumbani hapa Maisaka sitaki kusemeshwa na mtu.

Nimechoka. Hapana, nimeudhika.

Wiki nzima nilikuwa nakisubiri kipindi cha leo na kidato cha tano. Rafiki yangu anayefundisha chuo alinitumia kwa basi chupa mbili za mwani wa kijani, ule mdogo usioonekana kwa macho. Kila seli ina mikia miwili ya kuogelea. Chupa moja ni ya upande tunaouita chanya, nyingine ni hasi. Ukizichanganya zikiwa tayari, seli zinapapasana kwa mikia. Juu ya mikia hiyo kuna protini, na protini ya upande mmoja inanasa ya upande wa pili tu. Hasi kwa hasi zinapishana. Hasi ikigusa chanya zinashikana papo hapo, yanakuwa mafungu yanayotetemeka, kisha zinajitenga mbili mbili na kuungana kuwa seli moja.

Niliona jambo hilo nikiwa mwanafunzi. Ndilo lililonifanya niwe mwalimu wa baiolojia.

Hadubini yetu ni mbovu, kwa hiyo niliazima ya shule jirani. Inarudi kesho asubuhi.

Basi leo nikachanganya tone kwa tone, nikamulika kwa tochi ya simu kwa kuwa kioo cha hadubini ile hutegemea jua, na jua halikuwepo, nikainama kuangalia.

Zinapishana.

Nikaweka tone jingine, na jingine. Zinagusana na kwenda zake, kama watu wasiojuana stendi.

Nikawaita wanafunzi hata hivyo, nikitumaini zitaanza wakati wao wanaangalia. Wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akisema ameona. Nilijua hawajaona kitu. Walikuwa wamenitazama usoni wakanihurumia. Rehema peke yake, aliyekuwa mwisho wa foleni, aliangalia kwa muda mrefu.

"Madam, mimi naona zinapita tu," akasema. "Hakuna zinazoshikana."

Nikamwambia aangalie vizuri. Akaangalia, akarudia yale yale. Wenzake wakacheka, nami nikamwambia akakae.

Akaenda kukaa.

Baada ya kipindi nilimlalamikia Mama Neema, anayetutunzia maabara. Akashangaa kweli, maana yeye juzi aliziona chupa zimepauka, zinaelekea kuwa njano, akazionea huruma. Ana shamba la mahindi Bonga. Akanieleza bila wasiwasi wowote kwamba mahindi yakipata rangi ile wanaweka mbolea ya kukuzia, basi naye akatia punje chache kila chupa. Je, sikuona leo zimerudi kijani?

Niliona. Hata nilifurahi, mjinga mimi.

Unjano ule nilikuwa nautafuta. Nilizihamishia seli makusudi kwenye maji yasiyo na naitrojeni, ile ile iliyomo kwenye mbolea ya kukuzia, kwa sababu mwani huu ukishiba hauna haja ya mwenzi, unajigawa wenyewe tu. Njaa ndiyo inayoufanya uziweke zile protini kwenye mikia. Ukiulisha tena, unaziacha. Mama Neema alizishibisha siku mbili kabla ya harusi.

Nilipomweleza, aliweka chini kitambaa alichoshika. Kisha akasema taratibu, "Ungeniambia tu, Mwalimu. Ningeziacha zilale njaa."

Yuko chumba kile kila siku, na sikumwambia neno.

Nikampigia simu mwalimu mwenye hadubini, nikamwomba aniachie mpaka Jumatatu, nizioshe seli na kuzinyima chakula upya. Alinisikitikia, lakini wana mitihani ya vitendo. Nimeshaifunga kwenye boksi lake.

Hasira nilizonazo sijui nimwelekezee nani. Mama Neema? Mawingu? Zaidi linaloniumiza ni darasa zima kusema limeona, na mimi kulikubali, huku nikimnyamazisha msichana mmoja aliyefanya hasa kile ninachowafundisha kila siku: kusema unachokiona.

Kesho nina kipindi nao tena saa mbili. Sitachora chochote ubaoni kwanza. Nitasema mbele ya wote kwamba Rehema alikuwa sahihi, nitamwita Mama Neema aeleze alichofanya, kama atakubali, nami nitaeleza nisichofanya.

Nimejaribu kuisema sentensi ya kwanza hapa peke yangu. Ni ngumu kuliko nilivyodhani.