Mvule Mjane

Jumatatu, 3 Machi

Mbegu za mvule hazijaota. Mara ya nne! Vitalu vya wenzangu vimejaa — mikuyu, mininga, mikongo, yote ya kurudisha msitu pale kwenye mikaratusi iliyotunywea mto. Changu kimelala kama kaburi. Eti mkono wangu mkavu. Nikawaambia, mkono huu umewazalisha mama zenu, mbona nyie mlitoka?

Wakacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana miti kaja. Kautazama mvule wetu, ule mmoja uliobaki kando ya mto mkavu. Kapasua mbegu kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Maganda matupu.

Kumbe mvule kuna dume na kuna jike, kila mmoja na mti wake! Huu ni jike. Akauliza, dume liko wapi? Kina mama wote wakanigeukia.

Dume ninalilalia. Mume wangu alilikata miaka kumi na miwili iliyopita, shemeji yangu akiwa safarini. Mti ulikuwa shambani kwa shemeji, tena hakumuuliza. Akanichongea kitanda. Nilijisifu nacho kijiji kizima, mjinga mimi.

— Basi huyu ni mjane, bibi, akasema bwana miti.

Nikamwambia, tuko wawili.

Kasema kisiki cha mvule hakifi upesi. Kikichipua, ni dume lilelile, kisiguswe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepangusa kitanda kwa kitambaa kibichi. Ubao bado unanukia. Ee mume wangu, ulinipenda vibaya!

Mto ulikuwa na kelele, tukiitana lazima tupayuke. Siku hizi namsikia kuku wa ng'ambo akijikuna. Nautamani ule usumbufu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa shemeji, ng'ambo ya mto. Tangu mazishi ya mume wangu, miaka sita, hatujasalimiana. Kisiki kiko nyuma ya zizi. Kimechipua! Machipukizi matatu, mawili yameliwa hadi shingoni. Mbuzi wake hawajui kamba.

Nikasema, shemeji, nisamehe, na ndugu yako msamehe. Lizungushie miiba hili moja.

— Kaka alilikata kubwa langu, leo mkewe anataka nimlelee dogo?

Chukua kitanda basi, nikamwambia.

— Nikilalie na mgongo huu? Na litatoa maua lini hilo?

Sisi wawili tukiwa udongo, nikasema. Sikumficha. Sijui kubembeleza, shule sikwenda, herufi zenyewe nimezitoa kwenye magunia ya unga.

— Sasa wewe litakufaa nini?

Nikaona machozi yanakuja, nikainuka. Nikasema tu, nataka kufa nikijua lipo.

Aliingia ndani, akatoka na panga. Akaenda nyuma ya zizi, nami nikarudi.

Niko nyumbani, nimekaa kitandani, dirisha wazi. Panga linasikika ng'ambo. Kata, kata. Sijui ni miiba au ni chipukizi. Chipukizi ni pigo moja, si lingekwisha zamani?

Bado anakata.

Na mbuzi wanalia, wote kwa pamoja, kilio cha mbuzi wasiozoea kamba —