Alichotaka Milly

Dada yangu Annet,

Huku Malakia tunaishi, ila nyanya zimepanda bei. Binti yangu Milly ametimiza miaka kumi na minne. Tangu ile homa ya uti wa mgongo, hasikii tena.

Juzi nilimpeleka kliniki, nesi akamwandikia maswali kuhusu maisha yake: shule, marafiki, nyumbani. Mwisho akamuuliza angependa nini kibadilike. Nilidhani ataomba mashine ya kusikia.

Milly akasema, "Watu wakicheka, nikiuliza kuna nini, Mama asiniambie 'si kitu.'"

Sikulia, dada. Nilirudi nikafungua duka kama kawaida. Jioni majirani walicheka, Milly akanitazama. Nikamweleza yote kwa mikono, polepole. Hakucheka. Alisema tu, "Endelea."

Mdogo wako,
Lillian