Maji ya Kuoshea Chupa

Mpwa wangu Sechelela,

Mbukwa. Najua huitikii, na kwa haki wewe ndiye ulipaswa kuniamkia, lakini nimekusamehe.

Kiwanda chako cha mvinyo bado kipo hapa Hombolo. Naanza na hilo maana ndilo unalotaka kusikia.

Ulipotuacha, mdogo wako Mathayo alishika umeneja. Akasema habari yako ya kubeba maji ya kuoshea chupa mpaka kwenye mizabibu, na kutandaza makapi ya zabibu shambani, inatuchelewesha. "Tupeni vyote korongoni kama wenzetu." Kesho yake tukabeba ndoo kama kawaida. Hakuna aliyegoma, wala hatukupanga. Mama Chiku, yule muosha chupa wako, alipofokewa akajibu, "Bosi nisamehe, mkono wangu korongoni haupajui." Hata mimi, mwanaume niliyewahi kumfukuza fisi kwa kofi, nilijaribu kutii. Miguu ikanipeleka kwenye mizabibu.

Halafu mvua ikakataa. Jua lile, mpwa wangu! Kunguru walitembea kwa miguu wakiogopa kuunguza mabawa, na mtu asikubishie. Visima vikakauka. Viwanda vya jirani vikafunga, watu wakarudishwa nyumbani. Mathayo akanifuata, sauti imemkauka: "Mjomba, na sisi tufunge?" Tukaenda shambani, nadhani alitaka kuiaga mizabibu. Akachutama, akasukuma makapi pembeni, akafukua kwa vidole. Akafinya donge kiganjani. Kisha, "Mjomba, udongo mbichi."

Ah, Seche. Ungemwona alivyoushika.

Mavuno hayakuwa mengi, ila tulikamua, na hakuna aliyepoteza kazi. Siku hizi mgeni akinawa, hata awe mkubwa kutoka mjini, Mathayo mwenyewe anamkabidhi ndoo: "Karibu, maji yako yapeleke kule."

Na mimi nasimama pale nikiwaeleza wageni kwamba mpango wote huu niliubuni mimi, peke yangu, kwa akili ya darasa la tano. Hapo Mama Chiku anaacha chupa zake: "Mzee muongo wewe! Hii ni kazi ya Sechelela!" Na wenzake wote wanapokea: "Sechelela!"

Pumzika, mtoto wa dada yangu. Nakuahidi, maadamu napumua, sitaacha kujisifu.

Mjomba wako,
Lazaro