Bega la Sulemani

Jumanne, 9 Machi 1993
Kliniki leo, hapa Koboko. Sista Norah amepima mkojo — sukari, tena nyingi. Akanikumbusha binti yangu Hajara alivyokwama mabega akizaliwa. Mimba ya sukari, mtoto mkubwa, na dada yake aliyewahi kukwama: anataka nikazalie Arua, kwa daktari. Nimemwambia mume wangu. Hamuza amecheka. Tumbo kubwa ni sifa, kasema. Babu yake mtoto alikuwa sajini, huyu atakuwa meja. Basi nimebeba meja. Mgongo wangu unajua cheo chake.

Jumapili, 28 Machi
Mama mkwe kaleta chai, tamu kama asali. Nimekataa — nina maringo ya shule, kasema. Atakayenizalisha ni Medina, shangazi ya Hamuza. Eti Arua wanapasua wanawake kama mbuzi wa Idi. Hamuza amekubali kabla sijafungua mdomo. Mwenye tumbo haulizwi.

Alhamisi, 15 Aprili
Uchungu. Lori la Arua limepita. Hamuza kalipungia mkono liende zake.

Jumamosi, 17 Aprili
Mwanamume. Kichwa kilitoka, kikarudi kama cha kobe. Mabega yakagoma. Medina akakishika kichwa, akavuta. Nilimwambia asivute. Akavuta.

Mkono wa kulia umelala tu. Umegeukia ndani, kiganja kinatazama nyuma. Nikimgusa, anarusha wa kushoto peke yake.

Baba yake kampeleka dukani, kamweka kwenye mizani ya tumbaku. Kilo tano! kapaza sauti. Wateja wakapiga makofi. Mkono ulining'inia nje ya mizani. Hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 23 Aprili
Jina: Sulemani. Hamuza kamviringisha shuka, mkono usionekane. Medina anawaambia wageni nilimlalia. Mama mkwe anasema ni kijicho cha jirani. Shehe alikula. Neno "kuvuta" halikualikwa.

Wageni walipoondoka Medina alitaka kuukanda mkono kwa mafuta ya moto, aunyooshe mpaka ukubali. Nimemnyima mtoto. Sasa sina adabu.

Jumatatu, 10 Mei
Arua, hatimaye. Hamuza alikuja nasi. Daktari ni mwanamke, Filda. Akaweka kidole kwenye kiganja cha kulia: vidole vya mtoto vikakishika! Kiwiko hakikukunjika. Mishipa ya fahamu ya shingoni ilivutika, kasema. Wengi hupona, wengine hapana, miezi itasema. Tuuchezeshe mkono polepole. Asiuvute mtu.

"Nani alivuta kichwa?"

Hamuza akaangalia viatu vyake. Halafu, mume wangu huyu, akauliza kama mtoto ataweza kushika bunduki.

"Kwanza ashike kijiko," daktari akasema.

Nikacheka. Kisha nikalia, mbele za watu, na sikujali.

Jumanne, 11 Mei
Medina yuko mlangoni na chupa ya mafuta. Nimetia komeo. Sauti yake inafika mpaka kwa majirani: yeye ndiye aliyemtoa Hamuza tumboni mwa mama yake, leo anafungiwa nje kama mbwa.

"Fungua, Poni," Hamuza anasema. "Ni shangazi."

Nimemjibu afungue mwenyewe, na amwambie mwenyewe alichosema daktari. Kwa sauti hiyohiyo ya mizani.

Amefika mlangoni. Mtoto nimemkumbatia, mkono mbovu upande wangu. Medina anabisha tena. Hamuza ameshika komeo, hafungui, haachii —